Maganda ya korosho na somo la viwanda vya mawese: tuige lipi, tuache lipi?

Mbanguaji wa Mikindani aliuliza:

Ndugu zangu, salamu kutoka Mikindani. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake 14 tunaobangua korosho kwa mashine za mkono na mguu, na swali langu linahusu taka, ingawa limeanzia kwenye mawese, mafuta ambayo wengi wetu huku kusini tunayajua yakiwa ndani ya chupa tu.

Miezi michache iliyopita alitutembelea mtaalamu mmoja, akatuonyesha picha za viwanda vya mawese vya Malaysia na Indonesia. Alitueleza kwamba huko hakitupwi kitu: nyuzi za ngazi (yaani matunda ya mchikichi) na vifuu vya kokwa vinachomwa kwenye boila, tangi la kuzalishia mvuke, na kuendesha kiwanda kizima, mashada matupu yanarudi shambani kuwa matandazo, maji taka yanatoa gesi, na mashudu ya mise (viini vya kokwa vilivyokamuliwa mafuta) wanalishwa ng'ombe. Huo aliuita uchumi rejelezi. Kisha akatazama lundo la maganda nyuma ya banda letu, akasema tuache kununua kuni, tuchome maganda yale chini ya pipa la kuchemshia korosho, kwa kuwa ganda ni ganda.

Tulimsikiliza. Siku ya kwanza moto uliwaka vizuri mno, wenye ndimi ndefu kuliko za kuni za mkorosho tunazonunua. Haikupita robo saa ukaanza moshi mweusi mzito unaowasha macho, masizi yanayonata kama lami yakashika tumbo la pipa, na jirani yetu aliyekuwa ameanika shuka uani akaja na shuka zake mkononi zikiwa na madoa, akasimama mbele yangu bila kusema neno. Siku ya tatu wenzangu wawili walikohoa hadi wakashindwa kukaa kwenye mashine, tukarudia kuni. Lundo bado lipo, sasa limefika kiunoni, na mvua ikinyesha maji yanayotoka chini yake yana rangi ya chai ya mkandaa; kila yanapopita, majani hayaoti.

Kwa hesabu zetu, katika kilo 100 za korosho ghafi tunapata kilo 20 hadi 24 za korosho safi, na karibu kilo 70 ni maganda. Naomba mwenye ujuzi anieleze kwa nini kilichowezekana kwenye mawese kimetushinda sisi, na ni lipi katika mambo yao ambalo kikundi chenye mtaji mdogo kinaweza kulichukua. Jambo jingine dogo: mume wangu ana ekari tatu bondeni, na tangu zile kampeni za michikichi zilizosimamiwa na Mheshimiwa Majaliwa alipokuwa Waziri Mkuu, hamu ya kupanda haijamtoka. Anasema ikiwa yeye, mtu wa Ruangwa huku huku kusini, ameihangaikia michikichi ya Kigoma kiasi kile, haiwezekani iikatae ardhi ya kusini. Nimpe jibu gani?

Mtoto wa Ziwa alijibu:

Dada Mwenyekiti, poleni kwa moshi. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, na nilifanya kazi kwenye kinu cha kukamulia mawese kwa miaka sita kabla ya kuhamia Lindi, kwa hiyo nitaeleza yale ambayo picha za mtaalamu wenu hazikuyaonyesha.

Ukipeleka tani moja ya mashada ya ngazi kwenye kiwanda kikubwa cha kisasa, mawese yatakayotoka ni kilo 200 au zaidi kidogo. Shada tupu, yaani ule mkungu wenye miiba unaobaki ngazi zikishapukutika, linachukua kilo 220 hivi. Nyuzi zilizokwisha kukamuliwa ni kilo 130 hivi. Vifuu vya kokwa vinakaribia kilo 60, na viini vyake vinavyotoa mafuta ya mise ni karibu kiasi hicho hicho. Juu ya hayo yote kuna maji taka zaidi ya nusu tani, kwa sababu ngazi hupikwa kwa mvuke na mafuta husafishwa kwa maji ya moto. Mafuta yenyewe ni sehemu moja ya tano ya mzigo ulioingia getini, na mwenye kiwanda asiyejua afanye nini na yaliyobaki atazingirwa nayo kabla ya mwaka kwisha.

Nyuzi na vifuu ndizo kuni. Vinatosha kupata mvuke wa kupikia ngazi na kuzungusha jenereta, na mara nyingi vifuu hubaki vikauzwa. Hata kwenye vinu vyetu vidogo vya Kigoma, ambako ngazi hupikwa kwenye pipa kama korosho zenu, nyuzi za jana ndizo zinazopika ngazi za leo, wala hakuna aliyetufundisha neno uchumi rejelezi. Mashada matupu hayafai kuni yakiwa mabichi, kwa kuwa karibu theluthi mbili ya uzito wake ni maji, lakini yana potasiamu nyingi kiasi kwamba majivu yake yametumika kutengenezea sabuni Afrika Magharibi tangu zamani. Ndiyo maana yanarudishwa shambani na kutandazwa kuzunguka mashina kwa safu moja. Nasisitiza safu moja, kwa sababu lundo linalooza ni chumba cha uzazi cha mbawakawa mweusi mwenye pembe, wa jamii ya yule anayetoboa vilele vya minazi yenu. Mashudu ya mise yana protini ya wastani na nyuzi nyingi, kwa hiyo ng'ombe huyafaidi kuliko kuku.

Sehemu ngumu ni maji taka, na hapo ndipo picha huwa nzuri kuliko hali ilivyo. Yanatoka ya moto, ya kahawia, machachu, yakiwa yamebeba mafuta na makapi laini. Wataalamu hupima ukali wa maji kama hayo kwa kuangalia vijidudu vitahitaji oksijeni kiasi gani ili kuyaozesha: kwa maji ya mawese ni kama miligramu 25,000 kwa kila lita, ilhali maji machafu ya majumbani ni mia kadhaa tu. Malaysia ilitunga kanuni mwaka 1977, ikawashusha wenye viwanda hatua kwa hatua, kutoka kikomo cha miligramu 5,000 mwaka 1978 hadi 100 mwaka 1984. Mabwawa marefu ya kuozeshea maji hayo yalichimbwa kwa sababu ya sheria hiyo, si kwa sababu wenye viwanda waliamka siku moja wakiwa na huruma na mito. Bwawa la wazi nalo lina hila yake: maji yanasafika, lakini methani inapanda angani, na methani hupasha joto dunia zaidi ya mara 25 ya kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Hapo ndipo vilipokuja vifuniko vya turubai na jenereta za gesi ambazo mtaalamu wenu amewaonyesha. Havipo kila mahali.

Kwenye kinu nilichofanyia kazi hapakuwa na bwawa wala turubai. Maji yalipita mferejini hadi kijitoni, na kila msimu wa ngazi kijito kile kilivaa utando wa rangi ya chungwa na kunuka kama pombe iliyolala. Sikusema kitu wakati ule. Nyumbani kwetu tulichota maji kwenye kijito kingine.

Kuhusu shemeji, mchikichi hupendelea mvua ya milimita 2,000 hivi iliyotawanyika mwaka mzima, na miezi mitatu ya ukame inatosha kupunguza mashada. Huku mvua ni ya msimu mmoja, na baada ya Mei mnangoja hadi mwisho wa mwaka. Ikiwa bonde lake lina maji ya kudumu, apande michache ya matumizi ya nyumbani. Atafute miche ya Tenera, aina chotara yenye kifuu chembamba, ambayo kituo cha TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Kihinga kule Kigoma kimekuwa kikiishughulikia, asiokote kokwa chini ya mti wa mtu. Kokwa za Tenera ikizaa na Tenera hutoa mchanganyiko: nusu tu ndiyo Tenera, robo hurudi kuwa Dura yenye kifuu kinene, na robo huwa Pisifera, ambayo kwa kawaida haizai mashada ya maana.

Fundi Boila alijibu:

Nimesoma kwa makini, na ningependa kuanzia kwenye yale maneno kwamba ganda ni ganda, kwa sababu kosa lote limo humo.

Kifuu cha kokwa ya mchikichi ni mti mkavu, ndugu wa kifuu cha nazi. Ganda la korosho ni kitu kingine kabisa. Livunje, ulitazame upande uliovunjika: kati ya ngozi ya nje na ngozi ya ndani utaona vitundu kama vya sega la nyuki, na vitundu hivyo vimejaa mafuta ambayo ni kama robo ya uzito wa ganda lenyewe. Hayo ndiyo mafuta yanayowababua vidole, na ndiyo sababu mnajipaka majivu kabla ya kushika kazi. Yana asidi ya anakadi na kadoli. Yakipashwa joto kali, asidi hiyo hugeuka kuwa kadanoli, ambayo viwanda huitumia kutengenezea rangi, vanishi na pedi za breki za magari. Mlipowasha maganda yale, mlikuwa mnaunguza malighafi ya kiwanda cha rangi chini ya pipa la chakula.

Moto wa mafiga matatu hauwezi kuyamaliza mafuta hayo. Joto lake ni dogo, hewa haiyafikii maganda yaliyoko katikati ya lundo la moto, na yasiyoungua hupanda kama moshi unaowasha, kisha hugandia kwenye chochote cha baridi kinachokutana nacho: tumbo la pipa, shuka za jirani, mapafu ya wenzako. Boila zilizoundwa kwa ajili ya maganda ya korosho zina chumba cha pili ambamo moshi hukutana na hewa mpya na kuungua upya, nazo hulishwa maganda kidogo kidogo, si kwa beleshi zima.

Njia zinazofaa ni mbili. Ya kwanza ni kukamua mafuta kwanza, kisha makapi ndiyo yawe kuni. Mashine yake ni ya skrubu, jamii ya zile za alizeti, ila chuma chake ni kigumu zaidi kwa sababu ganda hula mashine. Hapa naomba nieleweke vizuri: mashine iliyokamua maganda ya korosho isiguse tena mbegu yoyote ya chakula, hata ikioshwa mara kumi. Lakini tupige hesabu. Mkibangua kilo 100 kwa siku, maganda ni kilo 70. Mafuta yaliyomo ni kilo 17 hivi, na mashine haitoi yote, tuseme mtapata kilo 10. Hiyo ni ndoo moja ya lita 20 kila baada ya siku mbili. Hakuna mnunuzi atakayetuma gari kufuata ndoo moja, na mashine haitajilipa. Njia hii ni ya vikundi vingi kwa pamoja, au ya kiwanda kikubwa ambacho vikundi vitakipelekea maganda yao.

Njia ya pili mnaiweza, nayo ni kuyageuza maganda kuwa mkaa kabla ya kuyatumia. Pipa la ndani linajazwa maganda na kufungwa vizuri, likiacha bomba moja tu la kutolea moshi; bomba hilo linarudishwa chini, kwenye moto unaolipasha pipa lenyewe. Mnaanza na kuni kidogo. Maganda yakishapata joto, gesi yake inatoka kwenye bomba na kuwaka, na kuanzia hapo maganda yanajipika yenyewe. Burkina Faso wamekuwa wakitumia vinu vya aina hii katika ubanguaji, na joto linalopatikana ndilo linalochemshia korosho. Kinachobaki ni mkaa mwepesi ambao mnaweza kuusaga, kuuchanganya na uji wa muhogo na kuufinyanga kuwa mkaa mbadala. Kipande kilichoiva hakichafui kidole kwa mafuta na hakitoi moshi kikiwashwa. Chenye kutoa moshi kirudi kinuni, kisiende jikoni kwa mtu.

Na lile lundo lifunikeni kwa mabati mapema iwezekanavyo, ikiwezekana likae juu ya sakafu ya saruji. Mafuta yale yale yanayobabua ngozi ndiyo yanayoua majani. Kwa sababu hiyo hiyo msiyatandaze maganda shambani mkidhani ni kama mashada ya mawese.

Mzee wa Kilwa Kivinje alijibu:

Mwanangu, sina elimu ya boila, lakini nimekulia kwenye minazi, na mnazi una undugu na huo mchikichi mnaousema.

Enzi zetu makumbi yalifukiwa kwenye matope ya pwani kwa miezi, bahari ikijaa na kupwa juu yake, kisha akina mama wakayafukua na kuyaponda kwa rungu hadi ukapatikana usumba wa kusokotea kamba. Vifuu vilikuwa upawa na kata, na vilivyovunjika vilikwenda kwa mhunzi kuwa mkaa. Machicha walikula kuku. Makuti yalikuwa mapaa yetu, na yakichakaa yaliwasha moto. Hapakuwa na lundo kwa sababu kila kipande kilikuwa na mtu wake aliyekuja kukiulizia, wakati mwingine kabla nazi haijafuliwa. Wewe umeeleza maganda yako, lakini hukutaja ni nani amewahi kubisha hodi akiyahitaji.

Marehemu baba yangu alikuwa akichemsha maganda ya korosho kwenye debe bovu na kupaka mafuta yake kwenye miguu ya nguzo za ua, ile sehemu inayozikwa. Mchwa walizikwepa miaka mingi. Alifanya hivyo mbali na nyumba, upande unakokwenda upepo, na alijifunga kitambaa usoni. Wenye kujenga mabanda na ua huko kwenu huenda ndio wa kwanza kuulizwa, kabla ya huyo mwenye kiwanda cha rangi.

Mkulima wa Ruangwa alijibu:

Nakubaliana na Fundi Boila kuhusu moshi, na na Mzee kuhusu mwenye kuhitaji, ila naona kuna jambo kubwa zaidi ambalo linatutenganisha na mawese, na halimo ndani ya ganda.

Ngazi ikishakatwa haingoji. Ikikaa zaidi ya siku moja au mbili, mafuta yake huanza kuharibika, asidi huru inapanda na bei inashuka. Kwa hiyo kiwanda hakina hiari, lazima kiwe shambani au jirani na shamba, na kila kinachobaki baada ya kukamua kipo umbali wa safari moja ya trekta kutoka kwenye mti uliokizaa. Wanaorudisha mashada matupu shambani hawakuanza na falsafa yoyote. Trekta lililoleta ngazi lingerudi tupu, basi wakalipakia.

Korosho ni mvumilivu. Ikianikwa ikakauka, inakaa ghalani miezi mingi, na ni uvumilivu huo uliowezesha mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kwetu mwaka 2007. Ni huo huo unaowezesha sehemu kubwa ya mavuno yetu kupakiwa melini ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Kila tani 100 tunazopakia, karibu tani 70 ni maganda. Tunalipia magunia, malori na meli kusafirisha maganda, na huko yanakofika yanakamuliwa mafuta na kuwa kuni za viwanda vya watu. Lundo la Dada linafika kiunoni. Lile lundo letu kubwa lipo ng'ambo, na hatulioni. Ndiyo maana nikisikia mtu anazungumzia uchumi rejelezi wa korosho bila kutaja ubanguaji wa hapa nyumbani, naona anaongelea mkia na kumwacha ng'ombe.

Katika mkorosho, kinachofanana na ngazi ni bibo. Limeanguka asubuhi, kesho yake limechacha. Uzito wake ni kati ya mara tano na mara kumi ya korosho inayoning'inia chini yake, na vitamini C iliyomo inakaribia mara tano ya ile ya chungwa. Msimu ukichanganya, Oktoba na Novemba, chini ya mikorosho yangu huwezi kukanyaga bila kuteleza. Tunanyonyoa korosho, tunaacha bibo. Wachache wanakausha, wengine wanakamua uraka (kinywaji cha bibo kilichochacha), na sehemu inaishia kwenye nipa, ile pombe kali, ambayo sitaisifia hapa kwa kuwa nimezika jamaa. TARI Naliendele wamekuwa wakifundisha juisi na jamu za mabibo. Tatizo ni lile lile la ngazi, kwamba mtambo lazima uwe karibu na shamba, na uanze kazi siku hiyo hiyo. Hapo somo la mawese linatufaa zaidi kuliko kwenye maganda. Makapi ya bibo lililokamuliwa yanaliwa na mifugo, na yaliyobaki yanakuwa mboji nzuri, tena hayamwunguzi mtu.

Msomaji wa Nachingwea alijibu:

Nisiharibu mazungumzo mazuri, lakini tusiwapambe sana hao wa mawese. Indonesia na Malaysia zinatoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese ya dunia, na sehemu ya mashamba hayo yamepandwa mahali palipokuwa msitu, au kwenye ardhi oevu ya mboji ya Sumatra na Borneo iliyokaushwa kwa mifereji. Kiwanda kinaweza kufunga hesabu ya taka zake zote ndani ya uzio, boila ikawaka kwa vifuu na maji yakatoka safi, na bado ukataji uliotangulia ukawa mkubwa kuliko kilichookolewa. Ndiyo maana jukwaa la mawese endelevu la RSPO, lililoanzishwa mwaka 2004, linauliza shamba limetoka wapi na watu wa eneo hilo walikubali au la, pamoja na kuuliza taka zinakwenda wapi. Dada, na wewe utakapofanikiwa kwenye maganda, angalia pia hizo kuni mnazonunua. Kama ni matawi ya mikorosho iliyopogolewa, hakuna neno. Kama ni miti ya misitu ya Liwale au Kilwa, basi mkaa wenu mbadala una kazi kubwa kuliko mnavyodhani.

Mtoto wa Ziwa alijibu:

Ndugu wa Nachingwea amesema kweli. Niongeze kwamba mchikichi, kwa upande mwingine, hutoa zaidi ya theluthi moja ya mafuta ya mimea duniani kwenye sehemu ndogo tu ya ardhi ya mazao ya mafuta, kwa hiyo kuung'oa na kupanda zao jingine mahali pake kungehitaji ardhi nyingi zaidi. Lakini hilo lina mjadala wake.

Mbanguaji wa Mikindani alijibu:

Wazee wangu na ndugu zangu, ahsanteni. Nimewasomea wenzangu majibu haya jana jioni tukiwa tumekaa kwenye magunia, na tulicheka sana tuliposikia tumekuwa tukipika malighafi ya pedi za breki.

Tumeamua hivi. Lundo tumeanza kulifunika, mabati sita tumeazimwa na yule yule jirani wa shuka, ambaye alisema anatoa mabati kwa ajili ya shuka zake zilizobaki. Tumeongea na vikundi viwili vya Mtwara Mjini ili tutengeneze kinu kimoja cha pipa ndani ya pipa, kikae kwetu kwa kuwa tuna uwanja, na wao walete maganda yao Jumamosi. Swali la Mzee lilituchoma, kwa sababu ni kweli hatukuwahi kumwuliza mtu kama anayahitaji. Juzi nilipouliza sokoni, mama lishe wawili walisema watajaribu mkaa huo ikiwa hautanuka, na fundi seremala mmoja ameomba lita moja ya mafuta ajaribu kwenye nguzo. Lita hiyo hatuna bado, wala sitamchemshia debe uani mwangu baada ya yaliyotupata.

Suala la mabibo tutalirudia mwezi wa Septemba kabla ya msimu, kwa maana wanachama wetu tisa wana mikorosho yao. Mume wangu nimemsomea kuhusu mvua na Tenera. Amenyamaza, kisha akasema atapanda miwili tu, karibu na kisima.

Fundi Boila, bado nakuhitaji. Pipa la nje tunalo. La ndani nimelipata kwa fundi mmoja Magomeni kwa bei nafuu, ila lina kutu upande mmoja na liliwahi kuhifadhi oili chafu ya gari. Nilinunue?

Fundi Boila alijibu:

Kutu pekee si tatizo, tundu ndilo tatizo, kwa sababu gesi ikitoka pembeni badala ya kwenye bomba mtarudi kwenye ule moshi wa kwanza. Mwambie fundi aliweke gizani, uwashe tochi ndani yake na ufunike mdomo kwa gunia, kisha ulizunguke taratibu upande wenye kutu. Ukiona mwanga hata wa ncha ya sindano, liache. Ukikuta zima, oili isikutishe, lakini mara ya kwanza lichomeni likiwa tupu na wazi, mbali na banda, hadi liache kutoa moshi, ndipo mlijaze maganda. Msilichomelee wala kulikata kwa moto kabla ya kuliosha vizuri, kwa kuwa mvuke wa oili uliofungiwa ndani hulipuka. Bomba liwe na upana wa ngumi ya mtu mzima. Jembamba huziba kwa lami siku ya pili.

Na siku mtakapowasha, angalieni upepo unaelekea kwa nani.